Wazee wa Ufuoni na Haki ya Jirani



Ndugu wasomaji, juma lililopita tulipokea barua ya dada mmoja aishiye Nairobi. Atueleza kuwa mumewe ni mtumishi wa serikali, na mwakani atatimiza miaka 60, umri ambao tangu 2009 ndio wa kukabidhi ofisi na kurudi nyumbani. Watoto wao wameshaoa na kuolewa. Wawili hao wameiona nyumba Diani, hatua chache kutoka baharini, na bei yake waiweza. Dalali amewaambia kwamba mtaa huo ni mtulivu mno, kwamba mtu husikia mawimbi akiwa kitandani, na kwamba majirani takriban wote ni wastaafu kama wao. Dada yetu ataka kujua kwetu, kwa kuwa sisi twaishi huku, iwapo dalali asema kweli. Mwishoni akaongeza swali dogo, kana kwamba limemtoka bila kukusudia: je, tutazoea?

Dalali, kwa mara hii, asema kweli. Ukishaiacha njia panda ya Ukunda ukaelekea baharini, kelele za matatu hubaki nyuma, na ukishika barabara ya ufuoni wakuta kuta ndefu, malango ya mbao, mikilifi, na mibuyu iliyokuwapo kabla ya kuta hizo. Mbega huvuka juu ya barabara kwa ngazi za kamba walizotundikiwa na watu wenye kuwahurumia, maana magari yaliwaua wengi. Tumbili nao hawahitaji ngazi ya mtu. Huingia jikoni kwa dirisha, na mkate wa mgeni asiyejua kufunga ndio kifungua kinywa chao. Asubuhi bahari ikipwa, maji hurudi nyuma kuelekea mwamba, na wazee wa kila rangi hutembea mchangani na magongo yao, Mjerumani, Mswisi, Mkikuyu, Mhindi, Mswahili aliyerudi kutoka Uarabuni, wakiamkuana kwa kuinua mkono tu.

Na sisi tulioinamia ibada tuna neema yetu. Makka iko kaskazini yetu karibu sawasawa, kwa hiyo asimamaye kuswali hapa pwani ya kusini huwa bahari iko mkono wake wa kulia. Upepo wa alfajiri humjia upande huo. Na pale Mto Mwachema unapoingia baharini upo Msikiti wa Kongo, uliojengwa kwa matumbawe karne nyingi kabla ya lami kufika, na hadi leo watu huswali humo chini ya vivuli vya mibuyu. Atakaye utulivu, basi utulivu upo.

Sasa tuseme ambayo dalali hayasemi.

Upepo huo huo hubeba chumvi, na chumvi hula chuma. Nondo zisizofunikwa vyema kwa saruji huvimba zikapasua nguzo. Bawaba, jokofu, feni, hata baiskeli, vyote umri wake huku ni mfupi kuliko bara. Maji ya visima vilivyo karibu na ufuo yana munyu, na mwenye busara huyaonja kabla ya kutoa arubuni. Atakayekuja kuitazama nyumba wakati wa kaskazi, baina ya Disemba na Machi, ataiona bahari ya samawati iliyotulia kama maji ya birika. Na aje tena kusi likivuma, mwezi wa sita au wa saba, auone mwani uliorundikana ufuoni, na azinuse nguo zilizoota ukungu kabatini. Akiipenda nyumba katika misimu yote miwili, na ainunue.

Kabla ya kumpa mtu shilingi, mumeo na aende ofisi ya ardhi Kwale afanye upekuzi wa hati. Ninyi ni raia, mwaweza kumiliki bila kikomo. Asiye raia, kwa mujibu wa kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010, hapati ila kukodisha kwa muda usiozidi miaka 99. Tulipata kumsikia Mswisi mmoja akilicheka jambo hilo. Alisema yeye ana miaka 78, na kwamba serikali imemwachia muda wa kumtosha. Na mchanga ulio baina ya maji kujaa na maji kupwa si wa yeyote kati yetu. Katiba hiyo hiyo yasema ni ardhi ya umma. Twalitaja hili kwa kuwa wapo wanunuao kiwanja wakadhani wamenunua na bahari, wakaziba vichochoro ambavyo wavuvi na akina mama wa Kidigo wamevipita tangu enzi za babu zao. Ugomvi mwingi wa huku huanzia hapo.

Kuhusu matibabu, hospitali ya rufaa ya kaunti iko Msambweni, na zipo za kibinafsi Diani penyewe. Lakini kwa baadhi ya maradhi mgonjwa hupelekwa Mombasa. Zamani safari hiyo ilikuwa na maana ya kungoja feri Likoni usiku, mgonjwa yuko kiti cha nyuma na nyinyi mwahesabu magari yaliyo mbele yenu. Tangu kufunguliwa barabara ya Dongo Kundu, sehemu ya hofu hiyo imetuondokea, Alhamdulillah. Iliyobaki ni haja ya kuwa na mtu wa kukupeleka.

Na hapo ndipo tunapolifikia swali la dada yetu la mwisho. Kulijibu tunalazimika kusimulia jambo ambalo hatukulipenda kuliandika, nalo limekaa kifuani petu tangu mwaka jana.

Kwa miaka minne alikuwa akiswali nasi mzee mmoja aliyekuja kustaafu huku kutoka bara. Alikuwa mrefu, mwembamba, huvaa kanzu iliyopigwa pasi vizuri na kofia ya sufi ambayo kwa joto letu ilitushangaza. Mahali pake palikuwa safu ya pili, mwisho wa mkono wa kulia, chini ya dirisha. Akija wa kwanza hukaa hapo, na akichelewa watu humwachia hapo. Baada ya swala huwapa mikono wawili walio karibu naye, kwa mikono yake yote miwili, kisha hutoka kabla ya kahawa. Sisi tulimwita Mzee wa Dirishani, na kwa hakika hatukumwita hivyo usoni pake. Usoni pake tulimwambia "Mzee" tu, naye akatuambia "Maalim". Kila Ramadhani alikuwa akileta bahasha ya kuwafuturisha watu. Bahasha yake tuliijua kwa rangi. Jina lake hatukulijua.

Ijumaa moja hakuja. Tulipanda mimbari, tukakhutubu, tukateremka, na kabla ya kukabiri tuligeuka kama ilivyo sunna kuwahimiza watu wanyooshe safu na wasiache mianya. Tuliuona mwanya chini ya dirisha. Twakiri mbele yenu kwamba tuliuona. Tukaashiria kwa mkono, kijana mmoja akasogea, akauziba, tukakabiri.

Kumbe wakati ule mzee alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, pengine tangu usiku wa Alhamisi, yuko peke yake chumbani, na milango ya chuma imefungwa kwa ndani.

Aliyestuka kwanza hakuwa mmoja wetu. Ni bibi mmoja wa Kijerumani, jirani yake wa ukuta wa pili, mjane, mwenye umri wa kupita miaka 70. Wawili hao walikuwa wakikutana ufuoni kila asubuhi maji yakipwa. Alhamisi walikuwa pamoja. Ijumaa hakumwona, akadhani ni kwa sababu ya Ijumaa. Jumamosi hakumwona, akaenda langoni. Bawabu akamwambia mzee amepumzika. Bibi akasema mzee hapumziki saa mbili za asubuhi, akasimama pale pale juani mpaka bawabu akampigia simu mwana wa mzee aliyeko Kanada. Mwana alikuwa amemwekea babake kamera sebuleni, aweze kumtazama kwa simu. Akafungua, akaona kiti kitupu na taa inayowaka mchana. Ndipo mzee wa mtaa akaitwa, na polisi, na mlango ukavunjwa.

Wapo waliomlaumu bawabu. Sisi hatumlaumu. Yeye hukaa langoni saa 12, ameamriwa asiingie ndani wala asimsumbue mwenye nyumba, na hana ufunguo wa mlango wowote ila wa lango. Ametenda alivyoajiriwa kutenda. Tangu lini bawabu akawa ndiye jamaa wa mtu?

Taratibu za polisi na daktari zilichukua siku nzima, tukamzika Jumapili baada ya adhuhuri. Mwanawe alikuwa angani, safarini kuja. Kwa simu kabla ya kupanda ndege alituruhusu tusimngoje. Kitambulisho kilitupa jina la mzee na la babake. Tulimwosha, tukamkafini, tukamswalia, na watu walikuwa wengi, kwa kuwa Waislamu wa Diani hawalikimbii jeneza. Tukamlaza mwanandani. Kisha tukaketi kichwani pake kusoma talakini.

Wasomaji wetu waijua desturi yetu sisi tulio katika madhehebu ya Shafi. Msomaji talakini humwita maiti kwa jina lake na jina la mama yake. Basi tulipofika hapo tukainua uso na kuuliza: mama yake aitwa nani? Watu wakatazamana. Walikuwapo waliosimama naye bega kwa bega miaka minne. Alikuwapo aliyemuuzia kiwanja, aliyemjengea nyumba, aliyemletea samaki, aliyemtengenezea pampu ya maji. Hakuna aliyejua. Asiyejulikana mama yake huitwa mwana wa Hawa, nasi tukamwita mwana wa Hawa, kama aitwavyo maiti aliyeokotwa na bahari.

Fiqhi haina shida na hilo. Sote tu wana wa Hawa. Shida ilikuwa kwetu.

Alasiri ile ile bibi wa Kijerumani alikuja msikitini. Alisimama nje ya ua, amejitanda mtandio, akaomba kuzungumza nasi. Kiswahili chake ni cha kutosha. Alitaka kujua kama mzee amezikwa vizuri. Tukamweleza. Akatusimulia kwamba mzee alikuwa mwalimu wa hesabu, kwamba alitokea Mumias, kwamba mkewe alikufa mwaka mmoja kabla ya kuhamia huku na nyumba ile walikuwa wameinunua kwa ajili ya wote wawili, kwamba hakupenda samaki wala hakupata kumwambia muuza samaki. Kisha akatuuliza, si kwa kutusuta, kwa kutaka kujua tu: "Na ninyi, mlikuwa mkimwitaje?"

Hatukumjibu vyema.

Tumekuwa tukifundisha kwa zaidi ya miaka 30. Mara ngapi tumewasomesha watoto ile hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mtu aliyekuwa akiufagia msikiti wa Mtume (S.A.W.), na wengi wa wapokezi wasema alikuwa mwanamke mweusi? Alikufa, masahaba wakamzika bila kumwarifu Mtume, kana kwamba jambo lake ni dogo. Mtume ndiye aliyeuliza yuko wapi, na alipoambiwa amekufa, akaulizia kaburi lake, akaenda akamswalia hapo hapo. Tukiisomesha hadithi hii husimama sana kwenye fadhila za kufagia msikiti. Tangu mwaka jana husimama kwenye lile swali lake, yuko wapi, kwa kuwa kiongozi wa swala aliona mwanya akaulizia mwenyewe. Sisi tuliona mwanya tukaagiza uzibwe.

Turudi kwa dada yetu. Katika Suratun Nisaa, aya ya 36, Mwenyezi Mungu ameweka kuwatendea wema jirani wa karibu na jirani wa mbali katika aya moja na kumwabudu Yeye na kuwatendea wema wazazi. Wanazuoni wameulizana jirani afika wapi, na kauli mashuhuri ni nyumba 40 kila upande. Sisi tulizaliwa Mji wa Kale, Mombasa. Huko nyumba 40 hukutoa mlangoni, ukavuka vichochoro viwili, ukawa umezimaliza, na katika kila moja utajua nani ana homa, nani anakaanga nini, na nani amegombana na mkewe. Hatusemi hilo lilikuwa raha tupu. Palikuwa na macho mengi mno, na ndimi zaidi. Lakini hapakuwa na mtu wa kufa Alhamisi akajulikana Jumamosi.

Hapa ufuoni kiwanja kimoja huwa ekari moja, au mbili. Siku moja baada ya maziko yale tulijaribu kuzihesabu nyumba 40 kwa miguu kuanzia langoni petu kuelekea Galu. Tulichoka kabla ya kufika ya 20, tukapanda bodaboda. Majengo ya ibada na hukumu zake ni yale yale, lakini masafa yamebadilika. Ujirani ambao Mji wa Kale mtu hupewa bure pamoja na nyumba, huku hana budi kuutafuta kwa miguu yake, na miguu ya mstaafu ndiyo hiyo.

Utulivu aliousifu dalali umejengwa kwa nini, hasa? Baadhi ni wa bahari na miti, na huo ni wa Mungu. Baadhi ni wa kuta za futi nane, lango, bawabu, na ada iliyoenea huku ya kutomsumbua mtu. Utulivu wa aina ya pili mtu huununua akiwa na miaka 60, ana nguvu, amechoshwa na Nairobi na ataka asigongewe mlango. Akifika miaka 75 hutamani agongewe, na watu wameshazoea kutomgongea. Tumeliona hili kwa wenyeji na wageni, kwa Waislamu na wasio Waislamu. Yule Mswisi tuliyemtaja aliwahi kutuambia kwamba siku yake nzuri ni siku pampu yake inapoharibika, maana fundi hukaa saa nzima.

Na sisi wenyeji tusijitoe. Mtu akija kununua huku, tunamwendea mbio. Tunamuuzia mawe, makuti, maji, madafu, samaki wa bei ya mgeni. Akiisha kujenga, tunasema, huyo ni mtu wa ufuoni, tajiri, ana watu wake. Abdallah bin Amru (R.A.) alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake aliuliza mara kwa mara kama jirani yake Myahudi amepelekewa nyama. Sisi tunachinja Idi, nyama yaelekea Mvindeni na Bongwe, na hilo ni jema, lakini upande wa baharini wa barabara haivuki. Tunadhani watu wa huko hawana njaa. Huenda hawana njaa ya nyama.

Kwa watoto walioko Kanada, Uingereza na Uarabuni tuna neno moja, nalo twalisema kwa mapenzi, kwa kuwa twajua wanavyohangaika kuwatumia wazazi wao. Kamera ni kitu chema, lakini haisikii kikohozi cha chumba cha pili. Mna nambari ya bawabu. Je, mna nambari ya jirani? Mnapomwuliza mzee "hujambo", naye akajibu "sijambo", kuna mtu mwingine mnayeweza kumwuliza swali hilo hilo?

Mwana wa mzee yule alifika Jumatatu usiku. Tulimpokea, tukakaa naye barazani kwa babake mpaka saa saba. Ni mtu mzima, mwenye adabu, alilia kidogo kisha akaomba radhi kwa kulia. Hatukuweza kulala bila kumwambia habari ya talakini, tukamwomba msamaha, tukamwuliza jina la bibi yake mzaa baba. Akatutazama kama asiyefahamu swali. Kisha akasema, "Sheikh, si liko langoni?"

Na kweli liko langoni. Kwenye mbao ya lango la nyumba ile limechongwa jina la kike, nasi kwa miaka minne tulilipita tukienda na kurudi madrasa, tukidhani ni jina la mkewe, au la binti, au ni mapambo tu ya watu wa bara. Mzee aliinunua nyumba kwa mafao yake ya ualimu akaipa jina la mama yake aliyeuza ndizi kumsomesha.

Siku ya pili tulirudi kaburini na mwana huyo tukamwombea dua, yeye na mama yake, kwa majina yao.

Tangu hapo tumefanya machache, nayo si makubwa. Hatukuunda kamati, tumeziona kamati. Tulinunua daftari, likawekwa rafuni karibu na misahafu, na humo yameandikwa majina ya wazee wote waswalio nasi waliohamia kutoka kwingine: jina, jina la baba, jina la mama, ndugu wa kupigiwa simu, dawa anazokunywa akipenda kusema, na nani ana ufunguo wake wa pili. Huo ufunguo wa pili umeleta maneno. Wazee wawili walikataa kata kata, mmoja akasema hakuja Diani ili watu wawe na funguo zake. Ni haki yake, hatukumshikilia. Lakini mwezi uliopita aliteleza bafuni, akalala sakafuni kutoka magharibi hadi isha, na kijana aliyetumwa kumwulizia kwa nini hakuja alilazimika kuruka ukuta na kuchanika suruali. Sasa ufunguo uko kwetu, na suruali mpya mzee aliilipa.

Baada ya swala ya alfajiri, kabla ya kahawa, twatazama safu. Asiyekuwapo siku mbili hutumiwa mtoto wa madrasa na kisahani, mahamri au mbaazi, chochote kilichopikwa, maana mtu husita kuulizwa hali yake lakini hasiti kupokea kisahani. Visahani vingine vimeanza kuvuka hata kwa wasiokuwa wa safu zetu. Bibi wa Kijerumani hurudisha chake na maembe, na mara moja alikirudisha na orodha: wazee watano wa upande wake wanaoishi peke yao, na nambari za nyumba. Tumeziingiza daftarini, ukurasa wa mwisho, kwa idhini yao.

Yapo yaliyobaki. Wengi wa wastaafu wetu hawajaandika wasia, na twawakumbusha kuwa wasia hauzidi theluthi wala haumwendei mrithi, na kwamba Mahakama ya Kadhi ipo Kwale kwa mwenye kutaka mambo yake ya mirathi yaende kwa sheria yetu. Tutaliandikia makala yake, inshallah, kwa kuwa maswali ni mengi na nafasi ya leo yaisha.

Basi, dada yetu, njooni. Itazameni nyumba mara mbili, kaskazi na kusi. Yaonjeni maji. Mkipata hati safi, nunueni, na njia iliyopo kando ya ukuta iacheni wazi. Juma la kwanza, kabla ya kupanga vyombo, piteni katika nyumba mbili za kulia na mbili za kushoto mkajitaje, hata kama lango lina mbwa. Iwapo mwaswali mbali na kwetu, mwambieni imamu wa huko ninyi ni nani. Na iwapo mtaswali nasi, mumeo akae safu yoyote apendayo, lakini siku ya kwanza aje mbele baada ya swala. Daftari lipo. Tutaandika jina lake, na lako, na majina ya mama zenu.